Mzigo wa Kuzikwa Chini ya Nyumba

9 Julai

Mjukuu wangu Elvira,

Hujambo wewe na hilo tumbo? Mimi ni magoti tu yanayouma. Mwambie mumeo Rufo asijenge huko mjini El Alto bila kuilisha ardhi. Mwezi wa nane inafungua kinywa. Msipoilisha, itajilisha yenyewe. Safari hii sinunui sokoni sadaka ya kuzika msingini. Kondoo wangu wanatupa mimba zilizokwishaota sufu, kisha wanarudi malishoni kana kwamba hawakuzaa. Mwanakondoo mmoja aliyetupwa nimemkausha kwa baridi juu ya paa. Eulogio dereva atakuletea kwa lori lake. Umvishe kwa mikono yako mwenyewe, wewe ndiye mwenye nyumba.

Bibi yako, Fortunata

22 Julai

Shikamoo Bibi,

Sisi wazima. Mzigo umefika. Rufo kasema, "Bibi yako katuletea mpangaji." Nimemvisha sufu za rangi kama ulivyonifundisha, na peremende mdomoni. Joto la jiko limemlainisha kidogo, ananata vidoleni. Yuko chini ya kitanda, anasubiri Agosti. Shimo la msingi tayari. Nikilala, mtoto anapiga teke upande ule ule alipo mpangaji. Rufo anasema wanaongea.

Mjukuu wako, Elvira

29 Julai

Elvira,

Salamu baadaye. Kitu kile kitoke leo. Usikiguse wewe; Rufo akichome, anawe kwa sabuni. Daktari wa mifugo alikuja, kijana mwenye viatu vya kwenda harusini. Nikamfukuza kwa fimbo. Akasemea nje ya ukuta: "Bibi, huu ni ugonjwa. Mwanamke mwenye mimba akigusa kondoo aliyetupwa, yake nayo inaweza kutoka. Una mjamzito hapa?" Nikasema hapa hakuna. Nenda hospitali, uwaambie ulichoshika. Usione haya, aibu ni yangu. Eulogio atasubiri jibu hapo kwako.

Bibi yako

13 Agosti

Elvira mama,

Uko mzima? Eulogio amenirudishia barua, haijafunguliwa. Anasema mlango una kufuli. Nyumba haijaanza kujengwa, lakini shimo limefukiwa, na juu yake mmetandaza sufu za rangi. Nikamwuliza, "Kilichofukiwa ni kimoja au viwili?" Akavua kofia, akatazama chini.

Niambie ni yule wa kondoo tu. Nitukane, lakini niambie.

Kondoo waliotupa hawaendi tena malishoni. Wamesimama mlangoni kwangu, wote wanatazama barabara ya kwenu.

Bibi yako