Bolti za Stata ya Lori la Marehemu

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Sisi huku Kahama tu wazima. Bibi yako yuko shambani kwenye mpunga.

Umeuliza kama bolti yoyote inayoingia inafaa kurudishia stata, ile mota ya kuwashia injini. Ujanani, Mama Milembe alileta gerejini kwetu lori la marehemu mumewe. Kila likiwashwa, lililia kama mtu. "Ni yeye," akasema.

Nikakuta stata imefungwa kwa bolti nyembamba za kuokoteza, imekaa upande, inakwaruza meno ya gurudumu la injini. Nikaweka bolti zake halisi, nikazikaza. Lori likawaka bila kulia.

Nikazima injini. Kilio kile kile kikatoka vichakani, mchana kweupe. Mama Milembe akaitika, "Abee!"

Tafuta bolti halisi, Kulwa. Gari likinyamaza, utajua kinacholia si gari.

Babu yako,
Masanja