Kanuni ya Kuficha Orodha

Bungoma,
Jumatatu.

Kaka yangu Wafula,

Salamu nyingi kutoka kwenye vumbi la huku Bungoma. Habari za hapo Kitale mjini? Na ukienda kwa Mama shambani, unaonaje miguu yake na baridi hiyo? Mahindi yameshavunwa, au bado mnangoja trekta la watu? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza.

Unanijua kwa kupenda mpangilio. Ulikuwa ukinicheka nikipanga vikombe kwa rangi. Hapa kwa mpima mashamba aliyeniajiri, tabia hiyo imenipa sifa. Kompyuta tunayotumia mimi na yeye ina nafasi nne, kama vyumba vinne, na unaona kimoja tu kwa wakati. Kila kazi hufunguka kwenye dirisha lake. Basi niliiandikia kanuni: ramani zifunguke kushoto, barua kulia. Wageni wakiingia wanakuta skrini safi, na mkubwa anajivuna utadhani ni yeye aliyepanga.

Alhamisi iliyopita akaniambia, "Nekesa, hii dirisha ya orodha ya mashamba isionekane na mgeni, bana. Ikifunguka iende huko chumba ya nne, si unasikia?"

Nikaandika. Ila kwa haraka zangu niliiambia kompyuta ifiche kila dirisha ambalo jina lake linaanza na "Shamba", na barua zangu za ofisi zote huanza hivyo hivyo! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ijumaa barua niliyoifungua ikapotea machoni pangu. Nikaifuata chumba cha nne, nikakuta mkubwa ameacha orodha yake wazi.

Wafula, shamba letu limo. Mwenyewe: marehemu Baba. Mwenyewe mpya: mwenyekiti wa kamati ya maji, huyo huyo anayekunywa chai ya Mama kila Jumapili. Niliogopa, kaka. Ndiyo maana alikuwa akimwambia Mama, "Nipe taito nikupigie kopi mjini." Wale majirani wawili wajane wamo pia, na mbele ya majina yao imeandikwa "tayari".

Letu bado. Hati hiyo ya shamba itoke nyumbani leo, umpelekee shangazi Webuye aifungie sandukuni. Huyo mwenyekiti akija, Mama ampe chai kama kawaida, asimwonyeshe hasira.

Niliirekebisha kanuni Ijumaa ile ile. Leo asubuhi nimekuta imeandikwa upya, na si mimi niliyeiandika; basi anajua nimeiona orodha. Mkubwa hakunigombeza. Aliniuliza tu kama wewe hulala kwa Mama au hulala mjini.

Usinipigie simu ya ofisi. Barua hii anakuletea binamu yetu anayeuza vitunguu Lwakhakha. Mpe jibu mkononi. Nisalimie wifi yangu, mama wa watoto wako, na mjomba anayetuangalizia ng'ombe. Mama mwambie nakula vizuri.

Ni mimi dada yako anayekuwaza,
Nekesa

Tena, kaka: mtu akija na barua ya kuchapwa inayosema nimemtuma achukue hati, msimpe, hata mkiona jina langu chini. Barua hiyo nimeshaiona hapa ofisini. Imebaki kutiwa sahihi tu.