Uzi wa Kupimia Kichwa

Bondeni, Nakuru
10 Februari 1957

Baba mpenzi,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na kifua chako kiwe kimeizoea baridi ya Ulaya. Hapa nyumbani hatujambo. Bibi Khamisa analalamikia magoti, na Mama anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi. Mwaka huu vumbi limezidi. Ukisimama karibu na stesheni huoni ziwa, unaona weupe mtupu. Ule mlango wetu uliokuwa ukikugonga paji la uso bado haujainuliwa, fundi anaahidi tu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliwasomea kwa sauti kama kawaida, Mama akiwa mkekani na Bibi kitandani. Kwa miaka miwili umetuandikia habari za jiko la Mzungu wako, Bwana Kofia, peke yake. Hatukujua kwamba aliuza shamba lake la ngano la Njoro ili aende kwao kujenga bustani ya hadithi! Niliyasoma polepole yale ya nyumba yenye umbo la boga, na chura wa mawe anayeimba kisimani, na msichana wa nta aliyelala, kifua kinapanda na kushuka. Niliposoma kwamba iko hoteli humo ndani, na kwamba sote watatu tutakuja mwezi wa nane shule ikifungwa, moyo ulinienda mbio hata nikaruka mstari.

Bibi akasema, "Rudia hapo. Nauli ya meli analipa nani?"

Nikamwambia, "Bwana Kofia."

"Yupi? Yule aliyekuwa akiifungia sukari kwa kufuli?"

Mama alikata uzi kwa meno, akasema, "Baba yako hakuwahi kunipeleka Njoro kuliona jiko lake, na Njoro ni hapo tu. Leo anipeleke Ulaya kumwona chura?"

Mimi nimefurahi sana, Baba. Tafadhali tueleze vizuri, ili nao wafurahi.

Mwanao mtiifu,
Kuluthum

*

Ulaya
3 Machi 1957

Kwa binti yangu Kuluthum,

Salamu nyingi, na heshima zangu kwa Mama yangu, na salamu za pekee kwa mama yako. Mimi ni mzima.

Waambie wasiwe na shaka. Safari ni ya kweli. Bwana amebadilika, watu hubadilika wakiwa kwao. Bustani ni nzuri, na sisi huku tunawangojea. Nataka vipimo vyenu ili nguo zishonwe mapema, maana huku fundi hana haraka. Pima mguu, mabega, kimo, na kichwa kwa kukizungusha. Usiandike namba. Pima kwa uzi kama anavyopima mama yako, ufunge fundo, unitumie nyuzi zenyewe.

Zaidi ya yote namngoja mama yako aseme ndiyo kwa kinywa chake.

Baba yako

*

Bondeni, Nakuru
24 Machi 1957

Baba mpenzi,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu, mvua ya kwanza imenyesha juzi na kikohozi cha Mama kimepoa. Na wewe hujambo?

Nyuzi zimo humu. Nyekundu ni za Bibi, nyeusi ni za Mama, nyeupe ni zangu. Lazima nikueleze zilivyopatikana. Bibi alikataa kabisa. Alisema mtu hupimwa kutoka utosini mpaka kisiginoni mara moja tu, na wakati huo huwa hajui kwamba anapimwa, na kitambaa chenyewe ni cheupe. Kwa hiyo nilimpima baada ya sala ya adhuhuri akiwa amelala. Mama naye nilijitolea kumsuka nywele, nikauzungusha uzi. Akauliza, "Unafanya nini huko nyuma?" Nikasema natenga njia. Sikupenda kusema hivyo.

Nilipokuwa nikifunga mafundo nilianza kufikiri. Viatu naelewa, kwa ajili ya baridi. Koti naelewa. Lakini kichwa cha nini? Mama hujifunika kanga, na Bibi ana mtandio wake.

Kuna jambo jingine, nami naomba radhi kulitaja. Bibi amemwambia Mama, "Wewe ni mtoto? Mwanamume akitaka kuongeza mke, humpa kwanza wa zamani kitu cha kumtuliza. Wengine mkufu, wengine doti za kanga. Akikipokea amekwisha kukubali, hana tena la kusema. Mwanangu yeye anatoa meli nzima." Tangu siku hiyo Mama halitaji jina la safari. Nikimuuliza nijibu nini, husema, "Jibu kwamba mvua imenyesha." Anaogopa, Baba. Akisema ndiyo kwa safari, atakuwa amesema ndiyo kwa huyo mwingine.

Uliandika "sisi huku tunawangojea". Sisi ni nani?

Nilimwambia Wariara, rafiki yangu wa darasani, kuhusu safari. Watu wa kabila lake, tangu Hali ya Hatari, hawaruhusiwi kwenda hata Mai Mahiu kumzika mtu bila pasi. Akasema, "Nyinyi nani anawataka hivyo huko?" Tafadhali tutumie picha ya bustani.

Mwanao mwenye kukupenda,
Kuluthum

*

Ulaya
5 Mei 1957

Binti yangu,

Idi njema kwenu nyote. Mimi niliswali peke yangu chumbani, lakini niliswali.

Nyuzi zimefika na zimepelekwa kwa fundi. Umefanya kazi safi. Picha ndiyo hii ya rangi, imebaki hii tu. Ni jumba la Sultani, lenye kuba ya dhahabu. Mlango wake ni mrefu kuliko mlango wowote wa Nakuru. Mwoneshe Bibi.

Mambo ya mke wayaache wakubwa. Mtoto mwenye adabu hayaandiki. Lakini mwombe mama yako anijibu kabla ya mwisho wa Juni. Bwana ananiuliza kila siku.

Baba yako

*

Bondeni, Nakuru
26 Mei 1957

Baba,

Shikamoo. Sisi ni wazima, nawe tunakuombea uzima. Nimepokea onyo lako kuhusu adabu na nimelitia moyoni. Hata hivyo nina swali ambalo si la mke.

Picha ilizunguka nyumba nzima. Bibi aliitazama akasema jumba zuri halina dirisha, wenyewe wanapumuaje? Mama aliigeuza nyuma kutazama kama kuna mwandiko wa mwanamke. Halafu akanirudishia. Niliipeleka shule. Mwalimu Wamalwa ana kioo cha kukuzia anachotuoneshea miguu ya wadudu, akanikubalia nikitumie wakati wa mapumziko.

Mlangoni mwa jumba amesimama mtu mweusi. Bila kioo ni mdogo kama punje ya mtama. Amevaa kilemba kikubwa chenye unyoya, na suruali pana ya kung'aa, na ameshika upanga. Watoto wa Kizungu wamemzunguka na mmoja anamvuta kidole. Uso hauonekani vizuri.

Lakini kisigino cha mguu wa kushoto kimeinuka kidogo, hakikanyagi. Mimi nilikuwa mdogo mafuta yalipokumwagikia mguuni kule Njoro, lakini nakumbuka ulivyosimama tangu siku ile. Ulisimama hivyo jikoni, ulisimama hivyo msikitini. Ulisimama hivyo stesheni siku uliyoondoka.

Wariara alikuwa ameinama nami juu ya kioo. Akauliza, "Unamjua?" Nikasema simjui. Kisha nikafikiri juu ya nyuzi zangu na vichwa vyetu, nikakirudisha kioo kwa Mwalimu.

Sijamwambia Mama. Bado anaamini ni mke. Baba, huyo mtu wa mlangoni ni nani, na zile nguo zinazoshonwa ni nguo gani?

Kuluthum

*

Bondeni, Nakuru
23 Juni 1957

Baba,

Shikamoo. Ni wiki nyingi sasa na postamasta ameanza kunitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Sisi hatujambo. Mama hali vizuri. Jana alimuuliza Bibi kama wanawake wa Ulaya wanajua kupika pilau. Bibi akamjibu, "Si anaye mpishi?"

Naomba unijibu, hata kama ni kunigombeza.

Kuluthum

*

Ulaya
7 Julai 1957

Binti yangu,

Salamu. Ndiyo, ni mimi.

Jikoni niliondolewa mwaka jana. Mke wa Bwana alitaka mpishi wa kwao. Bwana akasema ipo kazi nyingine nyepesi, ya kusimama tu. Nasimama mlangoni mwa jumba la Sultani kuanzia asubuhi hadi lango lifungwe. Ndani siingii, na hata ningeingia hakuna kitu, kuna mbao za kuushikilia ukuta usianguke. Watoto hunigusa mkono, kisha hutazama vidole vyao. Mama zao hucheka. Mimi huinama, kwa kuwa ndivyo nilivyoagizwa.

Sasa Bwana anataka Sultani awe na watu wa nyumbani. Mama yako akae akisuka mkeka, Bibi aketi juu ya mto na buruma ya kuvutia tumbaku, wewe upite na mtungi kichwani. Nguo ni hizo. Hoteli mngelala kweli, upande wa nyuma.

Sikuoa. Sina mtoto mwingine. Ile "sisi" ni mimi na ngamia mzee anayefungwa kando yangu.

Nilijiambia kwamba tukiwa wote pale haitakuwa aibu. Itakuwa kama barazani kwetu tu, sisi tumekaa, watu wanapita. Nilijiambia hivyo siku nyingi mpaka nikaamini. Picha niliituma mwenyewe. Sijui kama nilitaka uone au usione.

Msomee mama yako. Usiruke.

Baba yako

*

Bondeni, Nakuru
21 Julai 1957

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Sisi ni wazima, wallahi.

Nilifikiri kuruka mistari miwili mitatu. Sikuruka. Nilipofika kwa ngamia, Mama alicheka. Kisha akajifunika kanga usoni, na nikawa sijui tena kama anacheka. Aliposhusha kanga alisema, "Kumbe si mke."

Bibi alijiinua kitandani. Halafu akasema, "Afadhali angeoa."

"Mama!" Mama alimkemea, na sijawahi kumsikia akimkemea Bibi.

"Nasema kweli. Mke ningemzoea. Mwanangu kupambwa asimame kama kinyago, nitamzoeaje?" Akageuka akaniangalia mimi. "Na wewe, ulinipima lini?" Nikamwambia. Akasema, "Basi nilikwisha kuonja sanda, sasa siogopi kitu. Andika."

Nilichukua kalamu, lakini Mama ndiye aliyesema, na haya ni maneno yake, sikuongeza wala kupunguza: "Mwambie hatuendi. Mwambie mimi namjua mtu aliyepikia Bondeni nzima pilau ya Idi kwa masufuria manne, na akamfukuza mzee wa mtaa mwenyewe jikoni kwa kuonja kabla ya wakati. Mtu huyo hakuwahi kuinamia kitu chochote ila mlango wa nyumba yake. Huyo ndiye ninayemngoja. Mwingine abaki na ngamia."

Kisha aliniambia nikate uzi mwingine. Ndio huu uliomo. Ni mweusi kwa sababu ni uzi wake, na safari hii aliushika upande mmoja yeye mwenyewe. Ni urefu wa mlango wetu, kutoka kizingiti cha juu mpaka chini. Anasema ujipime, uone kama bado unapita.

Mimi nilitamani sana kumwona chura. Sitaki kukuficha. Lakini natamani zaidi kukusikia ukigonga paji la uso na kumlaumu fundi.

Mwanao,
Kuluthum

*

Adeni
15 Septemba 1957

Binti yangu Kuluthum,

Salamu zangu zikufikie kabla yangu, ingawa hazitanitangulia sana.

Bwana Kofia alisema alikuwa na nauli ya watu watatu wanaokuja, hana nauli ya mmoja anayerudi. Nilivua kilemba, nikamvika ngamia, akakubali bila ubishi. Bandarini nilikuta meli inayotafuta mtu wa kumenya viazi. Wiki ya pili mpishi wao aliugua. Nikawapikia mchuzi, na tangu hapo viazi anamenya mwingine. Mguu unaniuma, lakini ni uchovu wa jikoni, naujua.

Ule uzi nimeutundika ukutani karibu na jiko. Mabaharia waliniuliza ni wa nini. Nikasimama kando yake, nikawaonesha. Ni lazima niiname kidogo.

Mwambie mama yako fundi akija asiuguse ule mlango.

Baba yako, mpishi