Faili Limetoka, Behewa la Sita

Jumatano, 11 Juni

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakuomba ulifunge. Ukishindwa, basi soma na umeze. Usimsimulie hata unayelala naye chumba kimoja. Humu mna ajira yangu, na pengine zaidi ya ajira.

Leo bosi ameniita, akafunga mlango mwenyewe. Mezani faili la hosteli ya chuo cha wauguzi – ripoti ya ukaguzi, kurasa ishirini na mbili. Akanipa ripoti nyingine, karatasi bado zina joto la mashine. Nitoe ile, niweke hii, ile niichane. "Wewe ni karani, si mhandisi." Nikasema ndiyo, mzee.

Ile ya kuchanwa nimeisoma chooni. Nguzo tatu za chini zimepasuka, asikae mtu humo. Ukurasa wa mwisho, sahihi na muhuri. Ile mpya inasema jengo ni zima kabisa. Wanafunzi sitini wanahamia Jumamosi.

Nimempigia mhandisi aliyeiandika ile ya kwanza. Amestaafu juzijuzi, yuko kwao, mji uleule wenye chuo. Hana nakala. Bodi ya chuo inakaa Ijumaa saa nane mchana, akasema, niletee, binti yangu, nitaingia nayo. Nilishakubali kabla sijafikiri.

Alhamisi, 12 Juni

Treni. Behewa la sita, dirishani. Faili lote liko kwenye mfuko, chini ya sweta. Ofisini nimesema tumbo linaniuma.

Mbele yangu mama mwenye masufuria saba yaliyopachikana, kubwa likameza dogo. Ananiita mwanangu. Ameniuliza kama natoroka mume. Nimesema sina mume. "Basi unatoroka mchumba, maana huo mfuko umeukumbatia kama mtoto mchanga."

Data nimezima. Bosi hukaa WhatsApp kama mlinzi getini. Nikiwasha tu, ataona nipo hewani.

Saa saba mchana. Nimekumbuka kitu.

Masjala yetu ina daftari la mienendo ya mafaili. Faili halivuki mlango kabla halijaandikwa: limetoka lini, kwa nani, linakwenda wapi. Miaka minne sijaacha mstari hata mmoja. Na leo alfajiri, nikiwa naiba, nimefungua lile daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Limetoka. Karani. Treni ya asubuhi, behewa la sita.* Nikatia na sahihi.

Mwizi gani huyu anayeacha anwani.

Ijumaa, 13 Juni

Tulitakiwa kufika saa tatu asubuhi. Kichwa cha treni kimekufa tangu alfajiri, jua limewaka na watu wameshuka kunyoosha miguu. Mkagua tiketi anasema tukienda vizuri tutafika saa kumi. Bodi ni saa nane.

Hakuna njia ila simu. Nimepiga picha kurasa zote juu ya goti, mama akinikingia watu kwa mgongo wake bila kuuliza.

Mkagua tiketi ameniona nainua simu juu kama anayepima mvua. "Mtandao wa njia hii ni mgeni mwenye haraka, dada. Msalimie mlangoni, ndani haingii." Akanionyesha: mlango wa nyuma wa behewa, upande wa kilima chenye mnara.

Nimewasha data. Vistari viwili vya mtandao. Ukurasa wa kwanza ukaenda. Wa pili. Halafu zikamiminika jumbe za bosi, kumi na moja, zilizokuwa zikingoja tangu jana. Kumbe mlango unaotoa kurasa ndio huohuo unaomwingiza yeye. Ujumbe wake wa mwisho: *Nimeona daftari. Hongera kwa uaminifu. Dereva wangu anakusubiri stesheni inayofuata. Mpe faili, yaishe.*

Nimezima. Nimekaa chini mlangoni palepale.

Saa sita. Treni inatembea. Nimewasha tena, sina hiari. Kurasa saba zimefika. Mhandisi ameandika: *Mbona umeanza na jalada, binti? Tuma picha ya sahihi kwanza!* Kweli. Nimetuma kwa mpangilio, moja, mbili, tatu, kama naambatisha kwenye faili. Nimechagua ya ishirini na mbili. Kiduara kinazunguka. Vistari vimeondoka.

Saa saba kasorobo. Mhandisi amepata upenyo wa kunipigia, sauti imekatikakatika. Picha itafungua kikao tu, kasema. Kesho watasema imetengenezwa. Ripoti yenyewe, yenye wino, lazima ifike.

Saa saba na robo. Stesheni. Dereva yupo, namjua kwa kofia. Anahesabu mabehewa kwa kidole. La nne. La tano.

Faili haliko kwangu tena. Nimempa mtu. Aliniuliza jambo moja tu, apeleke kwa nani, nikamwambia. Kwa mara ya kwanza faili limetoka mkononi mwangu na sijaandika limekwenda kwa nani. Sitaandika hata hapa.

Vistari vitatu vimerudi. Kiduara kinazunguka. Siwezi kuzima simu, na siwezi kushuka, nikishuka naupoteza mnara.

Daftari nalisukuma chini ya kiti. Anayetaka kunipata asipige namba yangu, pengine ataijibu mwingine. Namba ya dada yangu iko ndani ya jalada la nyuma. Usimpigie, kwake sauti haishiki. Tuma ujumbe mfupi, huo hupita hata kwenye kistari kimoja. Mwambie behewa la sita, mlango wa nyuma, saa saba na dakika ishirini. Mwambie ya ishirini na mbili ilikuwa