Kuku Aliyekuwa Analalia Mayai

Innocent na Winfrida,

Mkirudi na soda zenu, mbuzi wapeni maji. Mchuzi ~~msiuguse~~ kuleni tu, kuku hafufuki.

Asubuhi niliwaambia mchinje jogoo wa Krismasi. Narudi kutoka kanisani nakuta mmemchinja kuku anayelalia mayai, eti yeye ndiye hakukimbia. Jamani wajukuu! Angekimbiaje awaache wanawe? Vifaranga wameshaanza kulia ndani ya maganda, halafu mnaniuliza, "Bibi, mbona umenuna?"

Mayai nimeyafunga tumboni kwa kanga yasipoe. Nayapeleka Ilongero kwa wifi yangu Theresia, kuku wake naye analalia. Bodaboda nimeikataa, itayatikisa. Natembea taratibu.

Msinipigie simu kuniharakisha. Leo kuku ni mimi.

Bibi yenu