Bundi wa Ghalani na Fukusi wa Mahindi

Katubuka, Kigoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Baridi ya Lushoto bado inakusumbua? Mimi ni mzima, ingawa ukifika katikati ya barua hii utashika kichwa.

Bado ni karani wa ghala la chakula cha wakimbizi. Mahindi yana fukusi, wale wadudu unaowapepeta kwenye ungo. Mwalimu Melkiori, mkimbizi wa Burundi ninayefanya naye kazi, alinieleza jinsi jike anavyotoboa punje, akataga yai ndani, kisha akaziba tundu. Tangu hapo siachi kuchungulia punje.

Juma hili tumekuta bundi anaatamia juu ya boriti. Wapakiaji wakagoma, malori yakasimama, na kambini watu wanangoja chakula. Kiongozi wao, Mzee Hamisi, Muha wa Gungu, akanitia jiwe mkononi.

"Bundi anamwitia kifo mwenye nyumba. Hapa mwenye funguo ni wewe. Mfukuze, ama sisi hatuingii."

Nikalishika jiwe, Mama. Nimekuona mara nyingi ukimtupia bundi kaa la moto. Mwalimu akasema taratibu kwamba huko New Zealand palikuwa na bundi aliyelia kama mtu anayecheka. Wageni wakaja na paka na vicheche waliomla. Leo hayupo hata mmoja duniani.

"Na fukusi?" nikauliza.

"Huyo? Tunakokwenda na magunia, yumo. Nimekimbia vita, nimemkuta hapa kanitangulia!"

Wapakiaji wakacheka. Mimi nikawaza: mdudu tunayemchukia anaenea kwa sababu yetu, na ndege yule alikwisha kwa sababu yetu, pengine bila mtu kumchukia. Nikatazama juu. Bundi naye akanitazama, akageuza shingo.

"Mzee," nikasema, nikiliweka jiwe chini, "kama mwenye nyumba ni mimi, basi kifo hicho ni changu. Ninyi pakieni."

"Mwenyezi Mungu, umemsikia? Sisi hatumo!"

Wakaingia. Malori yakaondoka kwenda Kasulu, na bundi bado anaatamia.

Nisalimie Baba Mdogo na dada yangu Rehema. Bibi usimsomee barua hii.

Sasa kila asubuhi Mzee Hamisi huniamkia kwa Kiha kutoka mlangoni: "Karani, mwakeye! Ungali hai?" Naitika, ndipo wanaanza kazi. Jana nilikohoa kidogo tu. Wote wakatua magunia, wakanitazama.

Mwanao, mzima mpaka ninapoandika haya,
Yakobo