Daftari la Magari la Mume Wangu

S.L.P. 147,
Tabora.
8 Septemba 1971

Mpendwa Shangazi Mwanajuma,

Hapana, Shangazi, si mwanamke. Hilo uliloandika katika barua yako ya mwisho, nami nikalilia wiki nzima nikiwa nimejifungia jikoni, liondoe kabisa moyoni. Twalibu wangu hana mwanamke mwingine.

Loo, nimeanza habari hata sijakuamkia! Shikamoo, Shangazi. U mzima huko Kigoma? Na kile kifua chako, bado kinakusumbua asubuhi? Mzee Abasi hajambo? Siwema amekwisha kujifungua? Sisi huku hatujambo. Vumbi ni jingi na visima vya Ng'ambo vimeanza kushuka, lakini afya tunayo. Mimi nimenenepa. Watu wanasema ni ndoa.

Na ndoa yenyewe, Shangazi, nikueleze vipi? Miezi minne sasa, na bado nikisikia kengele ya baiskeli yake kichochoroni moyo unanienda mbio kama siku ile ya kwanza. Akirudi kutoka stesheni hunivika kofia yake ya ukarani kichwani na kuniuliza mzigo wangu unakwenda wapi. Nami hujibu kila siku, “Unabaki hapa hapa.” Usinicheke. Ninayaandika haya ujue kwamba yaliyotokea hayakutokea kwa kukosa mapenzi.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba kila Jumamosi baada ya chakula anaoga, anavaa shati safi, anaondoka bila kusema aendako, na anarudi karibu na magharibi ana vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu peke yake. Ukanijibu kwamba mwanamume anayetabasamu peke yake hayuko peke yake. Ukaniambia pia kwamba jambo likinishinda, nimwone balozi wetu wa nyumba kumi kwa siri, kabla halijafika kwa mama mkwe. Shangazi, nilifuata.

Lakini kabla ya hapo nilipata daftari. Nilikuwa napiga pasi koti lake la kazini, nikagusa kitu kigumu mfuko wa ndani. Daftari dogo la gamba jeusi, limejaa mwandiko wake. Nilitegemea jina la mtu. Nilichokikuta kilinitisha zaidi. Ukurasa mmoja nimeushika kwa kichwa: “KKT 418. Saa kumi na dakika ishirini. Imetoka upande wa Urambo. Mtu mmoja. Imesimama dakika kumi na mbili. Imeondoka kwa kasi.” Kurasa na kurasa za namna hiyo. Malori ya tumbaku, Landrova za serikali, basi la Nzega, kila moja na namba yake na saa yake.

Sasa jiweke mahali pangu. Mwaka huu wote redio inatuambia tufungue macho, maana adui haji na kengele shingoni. Vijana wa mtaa wanafanya mazoezi ya mgambo kwa fimbo. Na mume wangu ni karani wa mizigo, anayejua kila behewa linalopita Tabora. Anaandika nyendo za magari ya serikali kwa siri, anaficha daftari, hasemi kitu. Mpelelezi! Au magendo! Nililirudisha daftari mfukoni, nikamalizia pasi, nikaunguza kola.

Halafu lipo hilo gari lenyewe la KKT. Wewe uliondoka kabla halijafika, basi nikueleze. Ni gari jekundu, fupi, limelala chini hata mbuzi anaweza kuliangalia juu ya paa. Lina viti viwili tu. Mwenyewe ni kijana mgeni aliyekuja Urambo kufunga mashine za kukaushia tumbaku, na kila Jumamosi anakuja mjini kutia petroli. Kelele yake, Shangazi! Unaisikia lingali mbali kwenye barabara ya Urambo, kama mtu anapasua kitambaa kipya cha marekani, tena jora zima. Kuku wanakimbilia chini ya vitanda. Vijana wamelipa jina, wanaliita Radi. Wazee wanauliza mtu mwenye akili timamu ataletaje gari la viti viwili kwenye barabara ya mashimo, kama si kwa kazi asiyoweza kuitaja. Wapo wanaosema amefunga redio ya kuongea na Wareno wa Msumbiji chini ya kiti. Nami niliyasadiki, nakiri.

Basi nikaenda kwa balozi wetu. Humjui, ni mpya. Anaitwa Bwana Justus, fundi cherehani, mtu wa chaki sikioni na tepu shingoni. Nilikusudia kumuuliza tu. Nilimwambia mume wangu anaandika namba za magari, nami sijui kwa nini. Akaacha kukanyaga cherehani.

“Bibi harusi,” akasema, “mke kama wewe ni sawa na kikosi kizima.”

Nikamwomba asilikuze. Akaniambia niende nyumbani nikapike.

Jumamosi iliyofuata akamfuata mume wangu mpaka kituo cha petroli, na mgambo wawili. Kumbe pale kuna vijana watano wanaokusanyika kila wiki kungoja magari, kila mmoja na daftari lake na kalamu ya risasi. Mmoja ni mwashi, mmoja anafundisha shule ya msingi, mmoja anauza asali ya Ipole. Wa nne ni Mabruki, yule Mzaramo anayeziba mipira ya baiskeli karibu na soko, rafiki mkubwa wa mume wangu na mtani wetu sisi Wanyamwezi. Na wa tano ni bwana wangu, nuru ya macho yangu, amechuchumaa kwenye vumbi na shati nililomfulia, ametega sikio.

Wakapelekwa wote ofisi ya tawi la chama. Wakaulizwa wanamwandikia nani. Wakajibu hawamwandikii mtu, wanapenda magari tu, na zaidi ya yote wanapenda sauti zake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana nani angesadiki? Watu wazima, wana kazi zao, wanaandika mlio wa injini?

Bwana Justus akawaambia wathibitishe. Twalibu akageuzwa uso ukutani, dirisha likafunguliwa, akaambiwa ataje kila kinachopita barabarani. Alinisimulia mwenyewe, na wengine wamenithibitishia.

“Landrova ya ufugaji,” akasema. “Bomba la moshi limetoboka.”

Ikapita Landrova ya ufugaji.

“Lori la tumbaku. Tupu.”

Likapita tupu.

“Hii pikipiki ya Padri Raymundi. Lakini leo haendeshi Padri. Padri habani gia namna hiyo.”

Wakachungulia. Alikuwa mpishi wa Padri, tena bila ruhusa, akapiga kona kwa hofu alipoona vichwa vyote dirishani!

Wewe ungecheka, mimi pia ningecheka. Bwana Justus hakucheka. Alisema mtu mwenye masikio ya namna hiyo ndiye hasa adui angemtafuta. Wakaachiliwa jioni, madaftari yakabaki. Wale wanne wakaonywa. Lakini Twalibu, kwa kuwa ni mtu wa reli, karatasi ingekwenda kwa mkuu wake wa kazi baada ya siku kumi, isipokuwa kama aliyetoa habari angefika mwenyewe kusema amekosea. Mwezi huu huu kuna karani wa stesheni nyingine aliyesimamishwa kwa neno dogo kuliko hilo. Kazi ya mume wangu, nyumba yetu ya vyumba viwili, yote yalikuwa yananing'inia kwenye ulimi wangu.

Aliporudi alinieleza kila kitu, ameinamisha kichwa. Alificha kwa aibu. Alisema, “Umesoma mpaka darasa la kumi na mbili. Ningekuambiaje kwamba Jumamosi naenda kusikiliza magari, kama mtoto wa chekechea?” Nikamkumbatia. Nikalia. Akadhani namlilia yeye.

Kisha akasema anamjua aliyewachongea. Ni Mabruki. Mabruki ndiye aliyechelewa siku ile, akafika nyuma ya mgambo. Kuanzia siku ile hakumwamkia tena. Mabruki akija mlangoni na utani wake, “Hodi enyi wapagazi, mzigo wa Bagamoyo umekwisha fika?”, mume wangu anageuza uso. Shangazi, unajua mtani ni mtu wa namna gani. Anakuzika, anakutukana mbele ya jeneza, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kumnunia mtani ni jambo ambalo hata babu zetu wa misafara, waliotoka hapa mpaka pwani na kurudi, hawakulifanya. Na aliyesababisha ni mimi, ninayemmiminia chai kwa mkono huu.

Nilikaa hivyo siku tisa. Nilimshuku kila mtu kwamba anajua. Muuza maji alipokohoa nilidhani ananisema. Mke wa balozi aliponiletea kitambaa cha kushona mto, nikatafuta maana yake mpaka nikaumwa kichwa. Hata Twalibu nilimshuku. Akininyamazia nadhani amejua, akinichekea nadhani ananitega.

Siku ya tisa asubuhi, anakunywa uji, nikamwambia. Sikutafuta maneno. Nikasema, “Si Mabruki. Ni mimi.”

Akaweka kikombe chini. Uji ukashika utando.

“Ulimwambia mimi ni mpelelezi?”

“Nilimwambia sijui wewe ni nani.”

“Na ulipokuwa unamwambia, ulikuwa unanipenda?”

“Sana,” nikasema. “Ndiyo maana nilikwenda.”

Akanitazama, akasema, “Basi wewe ni hatari kuliko Radi.” Akachukua kofia, akaenda kazini. Hakunivika kichwani.

Nikajifunga khanga nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Justus, wateja wamejaa barazani, nikasema mbele yao kwamba habari niliyoileta ilikuwa ya wivu wa mke na ujinga wa mtu aliyesoma daftari bila kumwuliza mwenyewe. Akatikisa kichwa.

“Bibi harusi, habari ya usalama haifutiki kama chaki.”

“Bwana Justus,” nikasema, “wewe unachora chaki kwenye kitambaa cha watu kila siku. Ukikosea kipimo unakata hivyo hivyo?”

Wateja wakaangua kicheko. Mama mmoja akasema suruali ya mumewe ndivyo ilivyokatwa. Bwana Justus akatoa karatasi, nikaandika, nikatia sahihi. Madaftari yakarudishwa siku ile ile. Mpaka leo akiniona ananiuliza kama kuna jipya nyumbani kwangu, na sipendi anavyoniuliza.

Akabaki Mabruki. Twalibu alikwenda kumwomba radhi, naye akakataa katakata kuisikia radhi ya Mnyamwezi bila faini. Kwa mtani faini ni haki yake. Alikuja nyumbani, akachukua jogoo wetu wa harusi bila kuuliza, akamfunga miguu. Akachukua baiskeli ya Twalibu, akazunguka nayo Ng'ambo yote akinguruma kwa mdomo kama Radi, watoto nyuma, anapaza sauti: “Njooni muone mpelelezi wa Tabora, ameolewa juzi!” Kisha akasema jogoo na baiskeli ni faini ya mume. Faini ya mke bado. Akataka Jumamosi niende kusimama nao kituoni, nami ndiye nitakayeandika, maana mwandiko wangu ni mzuri na wao wanaandika kama kuku anayetafuta mchwa.

Nilikwenda. Ningefanyaje? Nilisimama pale na khanga yangu ya harusi na daftari jeusi mkononi, mwanamke peke yangu, watu wananitazama. Nilimwangalia yule kijana mgeni kwa makini alipofika. Bado simwamini, Shangazi. Nilichungulia chini ya kiti, sikuona redio, lakini sikuona vizuri. Na kwa nini anavaa miwani ya jua jioni?

Kisha akawasha gari. Lilinguruma, udongo ukatetemeka mpaka kwenye kandambili zangu, na Twalibu, aliyekuwa hajanishika mkono tangu siku ile ya uji, akanishika. Alifumba macho. Nami nikajikuta nacheka kwa sauti, nikajishuku mwenyewe. Nikaandika: “Saa kumi na dakika tano. Sauti nzito. Mume wangu ameifurahia.” Mabruki akasoma akasema hiyo ya mwisho haihusu gari, ifutwe. Sikuifuta.

Wasalimie wote. Umsalimie Mzee Abasi, umwambie tumbaku yake ya kunusa nimeipata. Msalimie Siwema na mwanawe, aliyezaliwa au anayekuja. Bibi Maua mwambie ubani wake bado ninao kidogo. Mama anakusalimu, hajui lolote katika haya, nawe usimwambie. Mungu akupe pumzi nyepesi asubuhi na usingizi mwema usiku.

Jambo moja la mwisho. Jana Twalibu amechukua likizo na pasi ya reli ya watu wawili. Nilipomwuliza tunakwenda wapi, akanivika kofia kichwani na kusema anataka kumwona kwa macho yake huyo shangazi aliyemfundisha mkewe njia ya kwenda kwa balozi. Nimemtazama usoni muda mrefu, sikuweza kujua kama ni utani. Basi jiandae, Shangazi. Kabla mwezi huu haujaisha tutashuka Kigoma.

Mimi wako, ninayekupenda na kukuogopea,

Mwanamkuu